Msomaji wa Habari na Karatasi ya Mwenzake

Katika nchi yetu, mtu akitaka kusema kwamba kiongozi fulani ametia saini jambo asilolielewa, husema, "Huo ni mkataba wa Chifu Mangungo." Maneno hayo husemwa bungeni, magazetini na vijiweni, na aghalabu wanaoyasema hucheka. Sisi wa Msowero hatucheki sana, maana Mangungo alikuwa wa kwetu. Ni katika ardhi hii ya Msowero, tarehe 29 Novemba 1884, Karl Peters alipopata alama ya mkono wake juu ya karatasi iliyosema kwamba nchi imetolewa kwa chama cha Wajerumani waliotaka makoloni.

Msomaji wangu huenda akashangaa kwa nini naanza na Mangungo, ilhali nimekusudia kuandika habari za maisha ya mtangazaji wa redio na televisheni, marehemu Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, na pamoja naye habari za kazi ya kusoma habari kwa jumla. Namwomba avumilie kidogo. Nimefundisha watoto kusoma kwa muda mrefu, nami nimefikia kuamini kwamba jambo la Mangungo na jambo la msomaji wa habari ni jambo moja lenye sura mbili. Pote pawili kuna karatasi iliyoandikwa na mtu mmoja, kinywa cha mtu wa pili kinachoisoma, na sikio la mtu wa tatu ambaye hana njia ya kuiona karatasi yenyewe. Mkasa wote umo katika kinywa kile cha katikati.

Tuangalie kwanza yaliyotokea hapa. Peters na wenzake, akina Jühlke na von Pfeil, walifika Unguja mwezi Novemba 1884, wakavuka hadi Saadani, wakapanda bara. Kwa muda wa majuma machache tu walipita Useguha, Nguru, Usagara na Ukami wakikusanya mikataba. Karatasi zilikuwa za Kijerumani. Maneno yake yalizungumza juu ya haki za kiserikali na za mali, tena kwa milele, maneno ambayo hata leo mwanafunzi wa kidato cha nne huyasoma mara mbili kabla ya kuyaelewa. Wenyeji waliyapata kwa njia ya mkalimani. Mwezi Desemba Peters alikuwa amekwisha kurudi pwani. Tarehe 26 Februari 1885 mkutano wa Berlin ulifungwa, na kesho yake, tarehe 27, Kaisari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi juu ya nchi zile. Kwa kipindi cha miezi mitatu hivi, alama za mikono zilizopatikana vijijini zilikuwa zimegeuka kuwa koloni.

Watu husema Mangungo alikuwa mjinga. Mimi nasema la hasha. Mangungo alisikia kinywa, karatasi hakuisikia. Tena hakuwa na kinywa cha pili cha kulinganisha na kile cha kwanza. Mpe profesa wa leo hati iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua, katika mji ambao mkalimani ni mmoja, naye analipwa na upande wa pili, halafu umwulize atafanya nini. Upungufu wa Mangungo haukuwa wa akili, ulikuwa wa wasomaji.

Sasa tuende Mombasa. Huko Kisauni pana mahali paitwapo Freretown, na karibu yake pana mnara wenye kengele, ambao umelipa eneo lile jina la Kengeleni. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kianglikana wa CMS, wakaiita kwa jina la Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa kwa Sultani Barghash katika jitihada zilizozaa mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Waliowekwa pale walikuwa watu waliokombolewa majahazini na manowari za Kiingereza. Kengele ile ililizwa kuwaonya watu wakati wa hatari ya kuvamiwa na wateka watumwa. Kwa hiyo watu wa Freretown walikuwa na chombo chao cha habari kabla redio haijabuniwa: kikilia, kila mtu alijua habari ni moja na ya kufanya ni moja.

Katika ukoo wa watu wale alizaliwa James Mbotela, mwandishi wa kitabu Uhuru wa Watumwa kilichochapwa mwaka 1934. Wengi wa rika langu tulikijua kitabu kile. Kinasimulia jinsi watu walivyotekwa upande wa Nyasa, wakasukumwa hadi pwani, wakapakiwa, kisha wakaokolewa. Wahakiki wa baadaye wamemlaumu mwandishi kwamba amewasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina msingi. Lakini kwetu Kilosa, ambako misafara ya kutoka bara kwenda Bagamoyo ilipita na kupumzika, mtu hawezi kukisoma kitabu kile kama hadithi ya mbali.

Mtoto wa James Mbotela ndiye Leonard Mambo, aliyezaliwa Freretown tarehe 29 Mei 1940. Alianza katika uandishi wa magazeti, na mwaka 1964, Kenya ikiwa imepata uhuru wake Desemba iliyotangulia, akajiunga na Sauti ya Kenya. Shirika lile lilikuwa na redio na televisheni pia, maana televisheni ilianza Kenya mwaka 1962. Alisoma habari, akatangaza mpira kwa namna iliyowafanya wasikilizaji wauone uwanja kwa masikio, na mwaka 1966 akaanzisha kipindi kilichomfanya ajulikane Afrika Mashariki nzima: Je, Huu ni Ungwana? Kipindi hicho kilidumu zaidi ya miaka 50, redioni na katika televisheni.

Napenda tusimame hapa kidogo juu ya jina la kipindi. Neno muungwana leo tunalitumia kwa mtu mwenye adabu. Lakini katika Kiswahili cha zamani cha pwani, muungwana alikuwa mtu huru, aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Adabu ilihesabiwa kuwa sifa ya aliyezaliwa huru, na mtumwa alidhaniwa hana. Basi fikiri, ndugu msomaji: mjukuu wa waliotolewa katika minyororo anakaa mbele ya kipaza sauti cha taifa na kuwauliza watu wote, wa nasaba kubwa na wa nasaba ndogo, kama matendo yao ni ya kiungwana. Unapokwenda kwa mwenzako wakati wa chakula bila taarifa, je, huu ni ungwana? Unapoazima kitu usirudishe, je, huu ni ungwana? Maswali yalikuwa madogo na ya kuchekesha, lakini ndani yake mlikuwa na mageuzi makubwa. Uungwana ulikuwa umeondolewa katika damu na kuwekwa katika tabia. Sijui kama kuna mahubiri yaliyofanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Huku kwetu Tanganyika, Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania chini ya Serikali. Nilipotoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, redio ya shule ilikuwa mali ya kutunzwa kama kengele ya shule. Betri zake zilianikwa juani ili zirudishe nguvu. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, kisha kiongozi wa kikundi akasoma kijitabu, wakajadili, wakaenda kuchimba vyoo. Inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 2 walishiriki nchini kote. Kikundi nilichokiongoza kilikuwa na wazee ambao wengi wao hawakujua kusoma. Mmoja aliniambia jambo ambalo sijalisahau: "Mwalimu, redio ikisema na kijitabu kikisema vilevile, hapo ninachimba. Ikisema redio peke yake, nangoja." Sikumfundisha mimi busara hiyo. Alikuja nayo kutoka nyumbani. Nikimkumbuka, huwaza kwamba huenda watu wa Msowero walijifunza kitu mwaka 1884, wakakirithisha bila kukiandika.

Tufike sasa siku iliyompima Mbotela. Ilikuwa Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Alfajiri, askari wa Jeshi la Anga la Kenya walioasi, wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, askari wa cheo cha chini, walishika vituo muhimu vya Nairobi, kikiwamo kituo cha Sauti ya Kenya. Waasi wa kila nchi hukimbilia redio. Unguja mwaka 1964 dunia ilimjua John Okello kwa sauti yake ya redioni kabla haijamwona uso. Lakini Ochuka alitambua jambo moja zaidi. Sauti yake yeye haikujulikana na mtu. Angesema amepindua Serikali, watu wangeuliza ni nani huyu. Kwa hiyo askari walikwenda nyumbani kwa Mbotela, wakamtoa kitandani, wakamleta studio, wakampa karatasi. Naye akaisoma: Serikali ya Rais Moi imepinduliwa.

Angalia kilichofanyika hapo. Bunduki walikuwa nazo, na redio walikuwa nayo. Kitu ambacho hawakuwa nacho, ambacho bunduki haikuweza kukitengeneza kwa usiku mmoja, ni miaka 18 ya kuaminiwa. Hicho walikwenda kukichukua nyumbani kwa mwenyewe, kama mtu anavyokwenda kuazima jembe kwa jirani, isipokuwa wao waliazima kwa mtutu.

Kabla siku haijaisha, majeshi yaliyobaki na utii, wakiongozwa na Meja Jenerali Mahmoud Mohamed, yalikikomboa kituo. Mbotela alikuwa bado yumo. Akatakiwa atangaze tena, safari hii kwamba waasi wameshindwa na Rais Moi yu madarakani. Akatangaza. Sauti ileile, kipaza sauti kilekile, siku ileile, karatasi mbili zinazopingana.

Miaka mingi wanafunzi wangu wa darasa la saba, nilipowasimulia kisa hiki, waligawanyika. Wengine walisema angekataa hata kama angeuawa, maana sauti ya mtangazaji ni amana. Wengine walisema mtu aliyeshikiwa bunduki hana kosa, kama vile mtu aliyelazimishwa kula nyamafu hahesabiwi dhambi. Mimi naungana na hawa wa pili, lakini sababu yangu ni nyingine. Wasikilizaji wa Kenya walipojua ukweli hawakumwona Mbotela kuwa mwasi. Aliendelea na kazi, akafanya pia katika kitengo cha habari cha Rais yuleyule ambaye asubuhi ile alitangaza kuwa amepinduliwa. Kwa nini? Kwa sababu watu walimjua. Kwa miaka 16 kabla ya hapo walikuwa wakimsikia kila juma akiwauliza habari za uungwana. Walipoisikia sauti yake ikisema maneno ya mapinduzi, walijua kwamba karatasi si yake. Kuaminiwa kule kulikowavuta waasi kwenda kumtafuta ndiko kulikomwokoa baadaye.

Hapa ndipo tofauti yake na kinywa kilichokuwa kati ya Peters na Mangungo inapoonekana. Mkalimani wa msafara hupita. Husema neno, husaidia kupata alama ya mkono, kesho yake yuko kijiji kingine. Hana haja ya kurudi, kwa hiyo hana cha kupoteza. Msomaji wa habari hurudi kila jioni. Akidanganya leo, kesho saa mbili usiku atakutana na wale aliowadanganya. Heshima ya kazi yake imejengwa juu ya kurudi.

Ochuka naye alikimbilia kwetu. Yeye na mwenzake walirushwa kwa ndege ya kijeshi hadi Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, mwezi Novemba 1983, Tanzania na Kenya zilibadilishana wakimbizi: Kenya ikawarudisha watu waliotuhumiwa kupanga njama dhidi ya Serikali yetu, nasi tukawarudisha wale wa kwao. Ochuka alihukumiwa kifo, akanyongwa mwaka 1987. Mtu aliyeazima sauti ya mwenzake kwa saa chache aliilipa kwa shingo yake.

Kuna habari ambazo hata msomaji hodari kabisa hapewi azisome. Tarehe 12 Aprili 1984, Waziri Mkuu Edward Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, katika barabara ya kutoka Dodoma kwenda Morogoro. Dakawa si mbali na hapa. Watu waliokuwa njiani walileta minong'ono, kila mmoja na lake. Tulikuwa karibu na tukio, lakini hatukuwa na habari. Tulikuwa na uvumi tu. Habari ilitufikia kutoka Dar es Salaam, na aliyeisema redioni alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Vivyo hivyo Mwalimu alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, aliyelitangazia taifa alikuwa Rais Mkapa. Nadhani wakubwa wale walijua kwamba katika mambo fulani karatasi, kinywa na mwenye habari hapana budi viwe kitu kimoja. Msikilizaji hapaswi kuachiwa nafasi hata ndogo ya kuuliza ni nani hasa anayesema.

Televisheni ilituchelewa sana. Unguja walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, wakati Bara tukisema ni anasa. Vituo vya kwanza vya Bara vilikuwa vya watu binafsi, ITV, DTV na CTN, na vilianza mwaka 1994. Televisheni ya Taifa ilikuja baadaye. Hapa Msowero tuliitazama kwanza dukani kwa mtu mmoja aliyekuwa na jenereta. Watu walilipa kiingilio kwa ajili ya mpira na mieleka, lakini saa mbili ilipofika walinyamaza, kwa mazoea ya redio. Bibi mmoja jirani yangu alikuwa akijifunika kanga vizuri kila msomaji wa habari alipotokea, na aliposikia salamu ya "habari za jioni" aliitikia kwa sauti, "Njema, mwanangu." Siku moja aliniuliza: "Mwalimu, kijana huyu anayakariri lini maneno yote haya? Hatazami chini hata mara moja."

Nikamweleza kwamba pale mbele ya kamera huwekwa kioo, na maandishi hupita juu yake, naye huyasoma huku akionekana kama anatutazama sisi. Bibi alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe na yeye anasoma ya watu." Alisikitika kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake hakuja kwa hiari.

Bibi yule alikuwa amegusa kiini cha televisheni. Redioni tulisikia karatasi ikigeuzwa, tukajua mtu anasoma. Televisheni imeificha karatasi. Imeweka mahali pake uso mzuri, macho yanayotazama moja kwa moja na koti lililopigwa pasi. Msikilizaji amekuwa mtazamaji, na mtazamaji huamini macho upesi kuliko masikio. Kwa hiyo mzigo wa msomaji umezidi. Catherine Kasavuli wa Kenya aliubeba mzigo huo kwa namna ya kupigiwa mfano. Alijiunga na Sauti ya Kenya mwaka 1980 akiwa msichana wa miaka 18, akaingia katika kusoma habari za televisheni, na KTN ilipoanza mwaka 1990 akawa miongoni mwa nyuso zake za kwanza. Alipougua saratani hakujificha. Uso uliozoea kutoa habari za wengine ulitoa habari zake mwenyewe, na wanawake wengi wakasikia jina la ugonjwa ambao aghalabu hutajwa kwa kunong'ona. Alifariki tarehe 29 Desemba 2022. Huku kwetu Morogoro tulikuwa na Julius Nyaisanga, "Uncle J", aliyetoka Redio Tanzania akaenda Radio One na ITV, kisha akaja kuongoza Abood Media mjini Morogoro, ambako mauti yalimkuta Oktoba 2013. Watu wa mkoa huu walimlilia kama mtu wa nyumbani, ingawa alizaliwa mkoa wa Mara.

Nami nakumbuka siku ambazo jina la jirani zetu lilitoka katika televisheni. Ilikuwa Desemba 2000, baada ya mauaji ya Rudewa Mbuyuni, ambapo wakulima 38 waliuawa katika ugomvi wa ardhi na wafugaji. Msomaji wa habari alisoma idadi ile kwa sauti iliyotulia, kama kazi yake inavyomtaka, kisha akaendelea na habari nyingine. Kwa nchi nzima ilikuwa tarakimu. Kwetu ilikuwa watu wa barabara moja nasi. Siwalaumu wasomaji. Mtu anayesoma misiba ya nchi nzima kila jioni akiangua kilio kwa kila mmoja hatafika mwisho wa karatasi. Lakini siku ile nilitamani jambo moja dogo: kwamba majina ya vijiji vyetu yatamkwe sawasawa. Karatasi ya Peters iliandika jina letu vibaya, ikaweka "v" mahali pa "w", na ndivyo linavyosomeka hata leo katika vitabu vya wageni: Msovero. Anayekosea jina la mahali anakuonyesha kwamba hakumwuliza mtu wa mahali pale.

Leonard Mambo Mbotela alifariki tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Niliposikia, nilifikiri jinsi dunia anayoiacha ilivyo tofauti na ile ya 1982. Ochuka alilazimika kutuma askari wakamtoe mtu kitandani ili wapate sauti yake. Leo mwenye nia mbaya hahitaji askari wala gari. Kompyuta inaweza kuchukua sauti ya mtu, na hata uso wake, ikamsemesha maneno ambayo hajawahi kuyasema, naye amelala kwake hana habari. Wajukuu wananiletea simu wakisema, "Babu, tazama, fulani amesema hivi." Natazama. Midomo inacheza, sauti ni yake. Nawauliza swali la yule mzee wa Mtu ni Afya: Je, kuna kijitabu kinachosema vilevile? Tusubiri kwanza, tusikie kinywa cha pili.

Maana hapa ndipo naona urithi wa mambo yote haya. Watu wanaocheka mkataba wa Mangungo wanadhani somo lake ni kwamba wazee wetu walikosa elimu, nasi tunayo, kwa hiyo yamekwisha. Hayajaisha. Elimu ya kusoma karatasi ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kujua karatasi ni ya nani, anayeisoma ni nani, na kama atarudi kesho. Mbotela alikuwa na jibu la maswali hayo matatu, ndiyo maana hata bunduki haikumharibia jina.

Na jambo hili si la Nairobi wala Dar es Salaam tu. Tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, mashauri makubwa ya ardhi yetu hupita katika mkutano mkuu wa kijiji. Hati husomwa mbele ya watu, na watu hunyoosha mikono. Alama ya mkono, kama mwaka 1884. Nimehudhuria mikutano mingi ya aina hiyo, na mara nyingi msomaji huwa mmoja, naye husoma haraka, jua likiwa kali na watu wakitaka kurudi mashambani. Mimi huwa naomba jambo moja, na vijana wameanza kunizoea: hati isomwe mara mbili, na wasomaji wawe wawili, wa pili awe mtu wa kijijini ambaye hakuiandika. Akiisha kusoma, aulizwe mzee mmoja na mama mmoja waeleze kwa maneno yao wenyewe yaliyosomwa. Hapo ndipo mikono inyooshwe.

Wapo wanaonung'unika kwamba nachelewesha mkutano. Huenda ni kweli, hufika nusu saa. Lakini kijiji hiki kimekwisha kuona gharama ya kusomewa na kinywa kimoja, na tukikumbuka kwamba gharama ile ililipwa na nchi nzima, nusu saa si kitu.